Kina Si Nasaba

Kila mpenzi wa ushairi wa pwani anajua kwamba maneno mawili yaweza kukaa mwisho wa mishororo miwili, yakafungana kwa silabi moja, na bado yasiwe na uhusiano wowote nje ya shairi. Malenga huyakutanisha kwa ajili ya sikio. Shairi likisha, kila neno hurudi kwao. Mwanafunzi wa utungaji huelewa jambo hili siku ya kwanza. La ajabu ni kwamba baadhi ya wasomi wetu, na wasemaji wengi wa barazani, hulisahau mara tu wanapoweka shairi pembeni na kuanza kuzungumzia asili ya lugha. Hapo huchukua sauti mbili zilizofanana, wakazifungisha ndoa, wakazizalia watoto, na mwishowe wakaiandikia jamii nzima shajara ya nasaba isiyokuwapo.

Makala haya yanakusudia kuupinga mchezo huo. Nami sitahitaji silaha kubwa. Itanitosha silabi moja, nayo ni *la*.

Hoja inayosikika mara kwa mara ni hii. Mwarabu anapomkaribisha mgeni chakula humwambia *kul*, naye Mswahili husema *kula*. Sauti ni ile ile na maana ni ile ile. Basi, husema mwenye hoja, hata neno la kutia tonge mdomoni tumeletewa na majahazi. Na lugha isiyokuwa na neno lake yenyewe la kula ni lugha gani kama si mabaki ya lugha za watu? Wasikilizaji hutikisa vichwa. Wengine hufurahi kwa kuwa wameunganishwa na ng'ambo, wengine huona haya kwa sababu hiyo hiyo, na hapatikani wa kuuliza kama hoja yenyewe ina miguu.

Haina. Mswahili hasemi *kula* tu. Husema pia *kusoma*, *kulima*, *kuimba* na *kuoga*. *Ku-* ni kiambishi cha kitenzi, ni vazi linalovaliwa na kuvuliwa. Livue uone: mtoto *hali*, mimi *sili*, mgeni *ale*, mkate *anaula*. Wahenga nao walinena: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Iko wapi *k* ya *kul* katika *mla*? Haipo, kwa kuwa haikuwa sehemu ya mwili. Shina letu ni *-la* peke yake. Linang'ang'ania *ku-* katika *anakula* na *amekula* kwa sababu mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na shina la silabi moja halina mahali pa kuupokea mkazo huo. Ni sababu ile ile inayotufanya tuseme *anakunywa* na *amekufa*, na hakuna aliyewahi kudai kwamba *kunywa* na *kufa* tumevipata Maskati.

Upande wa Kiarabu mambo ni kinyume. Mzizi wa neno lao ni hamza, kaf na lam: *akala*, alikula, *ya'kulu*, anakula, *ma'kul*, kilicholiwa. Kaf imo katika kila tawi wala haibanduki. Kinachodondoka katika *kul* ni hamza ya mwanzo. Kwa hiyo *k* ya Mwarabu ni mfupa na *k* ya Mswahili ni kanzu. Kusema kwamba maneno haya ni ndugu ni sawa na kumwona mtu aliyevaa joho jeusi, na jabali jeusi karibu yake, ukahukumu kwamba wamezaliwa tumbo moja.

Ndugu wa kweli wa *-la* hawahitaji kutafutwa mbali. Muganda husema *okulya*, Mchewa *kudya*, Mzulu *ukudla*, Mkikuyu *kũrĩa*, na msemaji wa Lingala *kolia*. Kwa sikio la mpita njia, *kul* iko karibu zaidi na *kula* kuliko *ukudla*. Na hapo ndipo sikio linapodanganya. Udugu wa lugha haupimwi kwa kufanana, bali kwa kutofautiana kwa utaratibu. Tazama Kiswahili na Kikuyu: *kula* ni *kũrĩa*, *kulala* ni *kũrara*, *kulima* ni *kũrĩma*, *kulia* kwa machozi ni *kũrĩra*. Kila tunapoweka *l*, wao wameweka *r*. Tofauti ikijirudia mara moja yaweza kuwa bahati. Ikijirudia katika kulala, kulima, kulia na kula, basi hizo ni njia mbili zilizotoka kisima kimoja.

Waarabu nao wana ndugu zao, na sheria inayowathibitisha ni hiyo hiyo. *La* yao ya kukanusha, kwa Kiebrania ni *lo*. Je, tumeamini kwa kuwa zinakaribiana? Hasha. Tumeamini kwa kuwa *salaam* ni *shalom* na *thalatha* ni *shalosh*. Irabu ndefu ya *a* kwa Mwarabu inajibiwa na *o* kwa Mwebrania, neno baada ya neno. Huo ndio ushahidi, na wala hauwezi kukusanywa kwa kusikiliza silabi moja.

Sasa msomaji asije akanidhania kuwa ninaukana mkopo. Tumekopa, na tumekopa sana. *La* tunayoitamka tukikataa, ile ya "la, sitaki", ni ya Kiarabu, nayo haikuja peke yake. Imejificha ndani ya *wala*, ambayo kwao ni "na si". Ndani ya *bila*, yaani "kwa pasipo". Ndani ya *ila* ya kutoa kimoja katika vingi. Na ndani ya *lahaula* ya mwenye kustaajabu. Imo pia katika *labda*, na hiki ni kisa kitamu kuliko vyote. Kwa Kiarabu *la budda* ni "hapana budi", tamko la mtu mwenye yakini. Sisi tulilipokea, tukakaa nalo, na leo mtu akisema *labda* tunajua kwamba hana yakini hata kidogo. Neno lilitoka kwao likiwa mkataa, na kwetu limekuwa shaka. Aliyekopa na akageuza maana kiasi hicho hakuwa mtumwa wa lugha ya mwenzake. Alikuwa mwenye nyumba anayehamisha samani apendavyo.

Kwa hiyo katika Kiswahili hiki kimoja tunazo *la* zisizojuana. Iko *la* ya kukataa iliyovuka bahari. Iko *-la* ya tonge, yenye ndugu hadi Uzuluni. Na iko *la* ya "jina la mtoto", ambayo si neno kamili: ni upatanisho wa ngeli uliogandamana na *-a* ya umilikishi, na jirani zake ni *ya*, *wa*, *cha* na *vya*. Zote tatu huweza kukaa katika sentensi moja bila kugombana: "La, tunda la mti huu halina wa kulila." Mswahili wa kawaida huzitumia siku nzima wala hazimtatizi.

Wala hakuna mahali zinapochezeana vizuri kuliko katika *wala*. Tuseme "hakununua samaki wala nyama", na hiyo ni *wala* ya Kiarabu. Tuseme "simba na chui ni wala nyama", na hiyo ni *-la* ya Kibantu iliyovishwa *wa-* ya watu na wanyama. Nikisema "wala rushwa wala hawaoni haya", neno la kwanza na la tatu zina herufi zile zile na mkazo ule ule. Moja limezaliwa bara na pwani ya Afrika, jingine Uarabuni, na sentensi yenyewe ni Kiswahili safi ambacho kila mlipa kodi anakielewa. *Hali* nayo ni hivyo: "hali yake mbaya, hali wala hanywi". Ya kwanza ni ya Kiarabu, ya pili ni ya kunyimwa tonge. Hata mkopo wenyewe una mapacha wa bandia: *ila* ya "isipokuwa" na *ila* ya dosari, ile ya "kizuri hakikosi ila", zote mbili zimetoka Uarabuni, lakini ya dosari huko huanza kwa ain na mzizi wake ni wa maradhi na kasoro, haina kukanusha ndani yake. Ikiwa maneno mawili ya lugha moja, yaliyokopwa na watu wale wale, yanaweza kufanana kwetu bila kuwa na undugu kwao, vipi tutamwamini anayeunganisha mabara mawili kwa silabi moja?

Tuivushe silabi hii bahari tuone inavyokaa ugenini. Kwa jirani zetu Wasomali, *la* ni "pamoja na", na iko *la* yao nyingine inayosimama mahali pa mtendaji asiyetajwa. Kwa Mfaransa, Mhispania na Mtaliano ni kitangulizi cha nomino ya kike, na hawa watatu wahesabiwe mmoja, kwani wote wamerithi kutoka Kilatini. Kwa Mtibeti *la* ni njia ya kuvukia mlima baina ya vilele, na ndiyo iliyomo katika jina la Nathu La, kati ya India na Tibet. Kwa Mchina, ikishushwa toni ni ukali wa pilipili, na ikishikiliwa toni ya juu ni kuvuta. Kwa mtu wa Hawaii, irabu ikirefushwa, ni jua na ni mchana. Na kwa wanamuziki ni jina la noti, lililotokana na silabi ya wimbo wa Kilatini wa kumsifu Yohana Mbatizaji, kwa utaratibu unaonasibishwa na Guido wa Arezzo wa karne ya 11.

Nani atazikusanya hizi ziwe ukoo? Atakayetaka ataweza, kwa kuwa mwenye kutaka hakosi daraja: jua huchoma kama pilipili, mlima hukataza njia, mwanamke hukataa mchumba. Hivyo ndivyo shajara za bandia zinavyoandikwa. Lakini hesabu yenyewe ni nyepesi. Lugha yenye konsonanti 25 na irabu 5 haipati zaidi ya silabi 125 za konsonanti moja na irabu moja. Kihawaii kina konsonanti 8 tu. Duniani kuna lugha zipatazo 7,000. Vinywa 7,000 vikichota katika kisima kifupi namna hiyo, ajabu ingekuwa *la* isikutane na *la* mwenzake. Yako pia mafanano yanayoletwa na kinywa cha mtoto mchanga, ambaye midomo yake huanza kwa *ma* na *ba* popote alipozaliwa. Lakini hata hapo maana huamuliwa na wakubwa, ndiyo maana kwa Mgeorgia *mama* ni baba, na mama ni *deda*.

Mwindaji wa maneno atasema: hayo ni kwa sababu maana zinatofautiana, je, sauti na maana zikikutana pamoja? Nitamjibu kwa mifano miwili. Wamaori wa New Zealand huliita jua *rā*, na Wamisri wa kale walimwita mungu wa jua *Ra*. Wapo waliokwisha kuona hapo safari kubwa ya watu kutoka Mto Nili hadi bahari ya kusini. Lakini maandishi ya Wamisri hayakuandika irabu. Kilichoandikwa ni *r* na sauti ya ain, na *a* tunayoisoma leo ni mazoea ya wataalamu wa Ulaya. Wakopti, warithi wa lugha ile, walitamka kwa *e*. Kwa upande wa pili, *rā* ya Wamaori ni *lā* ya Hawaii na Samoa, na umbo lake la kale lilikuwa refu zaidi na lilianza kwa *l*. Kadiri unavyorudi nyuma, maneno hayo mawili yanazidi kuachana. Ndugu, ukiwarudisha nyuma, hukutana kwa babu. Hawa wamekutana sokoni leo tu.

Mfano wa pili ni wa Australia. Katika miaka ya 1960 mwanaisimu R. M. W. Dixon alikuwa akikusanya maneno ya Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland. Alipouliza jina la mbwa aliambiwa *dog*, kama asemavyo Mwingereza. Lilikuwa neno la wenyeji hasa: jirani zao husema *gudaga*, na Wambabaram kwa kanuni za lugha yao walipunguza mwanzo na mwisho hadi likabaki lile lililobaki. Sauti ni moja na maana ni moja, na undugu haupo hata chembe.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nipandwe na hamaki juu ya mambo ya silabi. Ni kwa sababu silabi hizi hutumika kuwahamisha watu. Mwaka 1885 Edward Tregear alichapisha New Zealand kitabu alichokiita *The Aryan Maori*, akiyalinganisha maneno ya Kimaori na ya Kisanskriti, na kwa kulinganisha huko akawafanya Wamaori kuwa tawi la Waarya. Taifa zima lilipewa babu kwenye karatasi. Na sisi wa visiwani na mwambao mchezo huo tunaujua vyema, maana tumechezewa miaka mingi. Lugha yetu iliambiwa ni mchanganyiko. Miji yetu ikaambiwa ni ya wageni. Na ushahidi mmojawapo ulikuwa huo huo wa maneno yanayofanana. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walisimama kulijibu jambo hili katika *Historia ya Kiswahili* mwaka 1977. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, mwaka 1993, waliweka wazi kwa kanuni za sauti kwamba Kiswahili ni wa nyumba moja na Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya uchimbuaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, yakionyesha mji uliokua kutoka katika makazi ya wenyeji. Baada ya hayo yote, hoja ya *kul* na *kula* ingali inatembea barazani kama kwamba hakuna aliyewahi kuandika neno.

Wala sisemi kwamba hatukuchanganya damu. Mwaka 2023 jarida la *Nature* lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika karne zilizopita, wengi wao katika miji ya pwani yetu. Ilionekana kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 palikuwa na kuchanganyika: upande wa Afrika zaidi ni wa wanawake, na upande wa Asia zaidi ni wa wanaume, hasa wa Uajemi. Wapo walioushangilia utafiti huu wakidhani umewapa lugha ya kigeni pamoja na babu wa kigeni. Hawakuusoma vizuri. Ikiwa mababa wa Uajemi walikuja na wakaoa, na bado wajukuu wao wanasema *mtoto hali* na *mkate anaula*, basi tunajua ni lugha ya upande gani iliyotawala jikoni. Damu ina shajara yake na lugha ina yake. Neno la *kula* mtoto hulisikia kwanza kwa anayemlisha, na anayemlisha hakungoja jahazi limletee neno hilo.

Lakini nisimalize bila ya kuwageukia walio upande wa pili, maana nao wana lao. Hawa wakishajua kwamba Kiswahili ni cha Kibantu hutaka kukifagia. Wakiona *wala*, *bila* na *labda* katika shairi hukunja uso, wakaita uchafu wa kigeni, wakamtaka malenga atafute neno "letu". Wameanguka shimo lile lile kwa mguu wa pili: nao pia hudhani kwamba asili ya neno ndiyo hukumu yake. *Labda* yenye shaka haikupatikana Uarabuni, tumeifinyanga hapa. Anayeifukuza anafukuza kazi ya mikono ya wazee wake mwenyewe.

Kwa hiyo ukiletewa neno lililofanana na lingine, usikubali wala usikatae kabla ya kuuliza mambo matatu. Viambishi vikivuliwa, shina ni lipi? Tofauti hiyo ya sauti inajirudia katika maneno mengine? Na ukirudi nyuma katika umbo la kale, yanakaribiana au yanaachana? Asiyeweza kujibu hata moja hajakuletea historia, amekuletea kina. Na kina ni kitu kizuri, mradi kikae kwenye kazi yake. Huu hapa ubeti mmoja nilioutunga ili kila mshororo uishie na *la*:

Nimekuuliza nini, nawe umenijibu la!
Chakula kimo chunguni, mwenye njaa hajakila?
Hakuna mja nchini, asokuwa nayo ila;
Sauti moja kinywani, haitoshi kwa kabila.

*La* ya mshororo wa kwanza ni ya kukanusha, kutoka Kiarabu. Ya pili ni shina letu la Kibantu. Ya tatu imo katika neno la Kiarabu lenye ain, na ya nne katika neno jingine la Kiarabu lenye qaf. Sikio limezipokea zote nne kwa furaha, na hivyo ndivyo inavyopasa, kwa sababu sikio ni la shairi. Tunapokuja kwenye swali la sisi ni nani na lugha hii tumeipata wapi, sikio likae chini na kanuni isimame.